Kamera ya keja: Anza na kona, halafu ndio uguse pochi

Ingia duka lolote la vifaa vya stima pale Luthuli Avenue, Nairobi, uulize kamera ya kuweka ndani ya nyumba. Kabla hujamaliza kusema, maboksi matano yako juu ya kaunta, kila moja na namba kubwa mbele: digrii 110, digrii 130, digrii 360. Muuzaji atakwambia kubwa ndiyo poa. Unalipa, unarudi mtaani, unaiweka kando ya runinga kwa sababu soketi iko hapo. Siku mlango unavunjwa, unafungua simu na kuona kivuli chenye mabega kikibeba sabufa yako. Uso hakuna.

Mara nyingi kamera yenyewe haina shida. Shida ni kwamba lenzi pana huona vitu vingi, na kwa sababu hiyo kila kitu inakiona kidogo kidogo. Hilo ndilo jambo ambalo boksi halikuambii, kwa hivyo wacha tulipige hesabu hapa.

Anza na hizo digrii (na hizi hakuna mtu atakuuliza ulizipatia chuo gani). Namba iliyo kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa mshazari, yaani kutoka kona ya juu ya picha hadi kona ya chini ya upande wa pili. Wewe unachotaka ni upana, ukuta hadi ukuta. Kamera ya digrii 130 za mshazari inaweza kukupa kama digrii 110 tu za upana. Muulize muuzaji upana ni ngapi. Akianza kuzungukazunguka, mwambie aiwashe hapo hapo uone kwa macho yako.

Sasa angalia chumba chako. Tuseme ni bedsita, au kile chumba cha futi 10 kwa 10. Kona ya chumba cha mraba ni digrii 90. Ukiweka kamera konani kabisa, lenzi yenye upana wa digrii 90 inatosha kuona kuanzia ukuta wa kushoto hadi wa kulia. Ukiipachika katikati ya ukuta, unahitaji digrii 180 kuona chumba hicho hicho. Yaani watu wanalipia digrii ambazo fundi aliyejenga nyumba aliwapa bure.

Halafu kuna pikseli. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Lenzi ya digrii 110, ikiangalia umbali wa mita 3, inafunika eneo la mita 8 na nusu hivi. Gawanya: kila mita inapata pikseli kama 225. Lenzi ya digrii 80, umbali huo huo, inafunika mita 5 tu, kwa hivyo kila mita inapata kama 380. Wataalamu wa kamera za usalama wana kipimo chao: ili umtambue mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa mita, kumjua mtu ambaye tayari unamfahamu, 125 zinatosha. Kwa hivyo katika bedsita, lenzi pana inakaribia kabisa kiwango kinachohitajika. Lakini kama una sebule ndefu na mlango uko mita 5 kutoka kwa kamera, lenzi hiyo hiyo inashuka hadi pikseli 134 kwa mita. Utajua kama ni jirani wako. Kama ni mgeni, polisi watabaki na mtu wa hudi.

Ndiyo maana mimi husema kwa chumba kimoja, lenzi ya upana wa digrii 100 hadi 110 ni sawa kabisa, na kwa sebule ndefu tafuta kamera ya megapikseli 3 au 4, au lenzi nyembamba zaidi inayoelekea mlangoni. Upana bila pikseli ni mapambo tu.

Zile za digrii 360 usizichanganye na lenzi pana. Nyingi ni kamera za kuzunguka: shingo inageuka, lakini kwa dakika yoyote ile inaona upande mmoja tu. Ukiiacha asubuhi ikiangalia jikoni, mwizi ataingia kwa mlango ikiwa bado inaangalia sufuria. Kuna zinazofuata mtu anayesonga, lakini lazima kwanza zimwone. Ukinunua ya kuzunguka, hakikisha unaweza kuiwekea mahali pa kurudi, na hapo pawe mlangoni.

Na zile za balbu? Zinavutia kwa sababu hazihitaji waya. Lakini zinazimwa na swichi ya ukutani, na hata mgeni wako mwenyewe atazima taa akilala. Zikiwa katikati ya dari zinapiga picha ya kofia na utosi. Isitoshe, nyingi ni za kuskuru, na keja nyingi huku kwetu zina holda ya pini, kwa hivyo utarudi mjini kutafuta adapta. Mimi ningeziacha.

Ukishachagua, mahali pa kuiweka ndipo pesa yako inapofanya kazi au inapotea. Kwa nyumba ya kupanga, hasa ghorofani, mtu huingia kwa mlango. Tafuta kona inayoona mlango kutoka upande. Ukielekeza kamera moja kwa moja, mlango ukifunguliwa mchana mwanga wa nje unaingia nyuma ya mtu na uso wake unakuwa mweusi kama masizi. Dirisha nalo hufanya vivyo hivyo. Pia angalia mlango unavyofunguka: kama unafunguka kuingia ndani, chagua kona ya upande wa kitasa, si upande wa bawaba, la sivyo mlango wenyewe utamficha mwenye kuingia. Kimo cha mita 2 hivi kinatosha. Ukipandisha hadi dari, utapata kofia tena. Na usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha ukitarajia ione nje usiku. Taa zake za infraredi zitagonga kioo na kurudi, na utaona ukungu mweupe tu.

Kabla hujatoboa ukuta, mtafute keateka. Deposit ya nyumba si ya kuchezea kwa sababu ya skuru mbili. Juu ya kabati lililo konani panafaa, ama utumie gundi ya pande mbili, lakini kwanza pangusa rangi ya ukuta kwa spiriti, kwa sababu ukuta wa bedsita una mafuta ya kupikia ambayo huyaoni.

Kuiunganisha ni dakika kumi. Unaweka programu yake kwa simu, unafungua akaunti, kamera inasoma msimbo wa QR kwenye skrini yako, basi. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu kamera nyingi za bei nafuu zinashika waifai ya 2.4 GHz pekee, na simu yako iko kwenye ile ya 5. Kitu kingine ambacho watu hugundua wakiwa tayari ndani ya matatu: kama intaneti ya kamera ni hotspoti ya simu yako, ukitoka na simu umetoka na intaneti. Inaweza kuendelea kurekodi kwenye kadi, lakini wewe huko kazini huoni kitu.

Kuhusu bando, usiogope kupita kiasi. Kamera inayorekodi kwenye kadi yake haili data kwa hilo. Data inaenda unapoangalia ukiwa mbali. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, saa moja ya kuangalia ni kama MB 450, kwa hivyo usikae kazini ukiangalia sofa yako. Kwa kasi hiyo hiyo, kurekodi mchana na usiku ni karibu GB 11 kwa siku. Kadi ya GB 64 itakupa siku 5 hadi 6, kisha inaanza kufuta za zamani. Ukiweka irekodi tu kitu kinaposonga, utapata muda mrefu zaidi. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kwa sababu kuandikwa na kufutwa kila siku huichosha kadi ya kawaida. Na jihadhari na ile ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya soda: nyingi za aina hiyo zina nafasi ndogo sana ndani, zimedanganywa tu zionyeshe namba kubwa. Ipime kwa kompyuta na programu ya bure kama H2testw kabla hujaiamini.

Stima ikipotea, kamera na ruta zote zinalala. Kamera nyingi ndogo hutumia voti 5, sawa na simu, kwa hivyo pawabenki ya 10,000 mAh inaweza kuibeba saa kadhaa, mradi iwe aina inayoweza kuchajiwa na kutoa moto kwa wakati mmoja. Ruta inataka betri yake ndogo. Kama huna pesa ya zote mbili, anza na kamera. Angalau kadi itaendelea kujaa.

Lakini kadi iko ndani ya kamera, na mwizi ana mikono. Akiing'oa ameondoka na ushahidi. Washa arifa zinazotuma picha kwa simu, na kama unaweza kumudu malipo ya mwezi ya hifadhi ya mtandaoni, lipia. Ile picha moja iliyofika kwa simu yako kabla kamera haijang'olewa ndiyo utakayoenda nayo kituoni. Ukiandikisha kwa OB, hifadhi video nzima mahali pengine siku hiyo hiyo kabla haijafutwa na za wiki inayofuata, na usiikatekate wala kuiwekea muziki. Kesi ikifika kortini, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana. Ndiyo maana saa na tarehe kwenye kamera lazima ziwe sahihi, ziangalie leo.

Sasa tuje kwa ile sehemu ambayo watu huiruka.

Lenzi pana katika bedsita haioni mlango tu. Inaona kitanda. Inakuona ukitoka kuoga, inakuona ukilia, inasikia simu unazopiga, kwa sababu nyingi zina maikrofoni. Na hayo yote yanaweza kupita kwenye seva za kampuni usiyoijua. Mwaka 2023, kampuni ya Ring nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya serikali kuishtaki kwamba, pamoja na mengine, iliwaachia wafanyakazi mwanya wa kutazama video za wateja. Februari 2024, wateja kama 13,000 wa Wyze walionyeshwa picha kutoka kamera ambazo si zao. Na mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa njia rahisi mno: ilijaribu orodha ya takriban majina na maneno ya siri 60 yanayotoka kiwandani. Hakuna aliyekuwa ameyabadilisha.

Kwa hivyo badilisha nenosiri siku ya kwanza, liwe refu na lisiwe lile la Instagram. Washa uthibitisho wa hatua mbili kama programu inao. Hii ni lazima zaidi kama unatumia waifai moja na ploti nzima. Na ukiwa nyumbani, izime au igeuze ukutani. Kamera ni ya wakati haupo.

Halafu kuna wengine. Unayeishi naye lazima ajue na akubali, hata kama kodi unalipa wewe. Mama fua anayekuja Jumamosi, yaya wa dada yako, mpenzi anayelala wikendi, waambie. Sizungumzii adabu tu; kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalegeza masharti kwa mambo ya kibinafsi ya nyumbani, lakini ukiielekeza kamera kwenye korido inayotumiwa na wapangaji wote, au ukimrusha mtu TikTok kwa sababu unamshuku, usitegemee kichaka hicho. Klabu moja ya Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni mwaka 2023 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Video ya mwizi ipeleke kwa polisi, kundi la WhatsApp la ploti lisubiri. Kuna watu wamepigwa mtaani kwa sababu ya kufanana na picha mbovu, na sasa unajua picha za mita 5 zinavyokuwa mbovu.

Kumpa mtu ruhusa ya kuangalia, tumia kitufe cha kushiriki ndani ya programu. Usimpe nenosiri lako. Mkiachana, mtoe usiku huo huo. Ningeanza na hilo kabla ya kufuta picha zake.

Ikiwa unanunua kamera iliyotumika, aliyekuuzia aiondoe kwenye akaunti yake mkiwa pamoja, la sivyo huenda ikakataa kujiunga na yako, au abaki akiangalia sebule yako. Na ukihama au ukiiuza, fanya vivyo hivyo: toa kadi, iondoe kwenye akaunti, kisha bonyeza kile kitundu cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani hadi taa ianze kumeta.