Inzi wa tsetse: namna gani kumtambua kwenye picha

Wamaza, kama kwingine Kasongo na Kabambare, anayekwenda mtoni kuteka maji ao kuvua samaki anaweza kuumwa na inzi hata juu ya nguo. Lakini si kila inzi anayeuma ni tsetse, yule anayeleta ugonjwa wa usingizi. Telefone yenye kamera inaweza kusaidia, mradi mtu ajue cha kuangalia.

Kwanza, mabawa. Tsetse akitulia, bawa moja linalala juu ya lingine, kama mkasi uliofungwa. Inzi wa nyumba anaacha yake wazi kwa nyuma.

Pili, mdomo. Wa tsetse umenyooka mbele ya kichwa kama sindano. Hapa angalisho: kuna inzi mdogo wa mifugo anayenyonya damu, naye ana mdomo wa namna hiyo, ila mabawa yake hayapandani.

Tatu, alama inayomaliza ubishi: katikati ya bawa la tsetse, mishipa inachora umbo la shoka.

Kisha miguu ya nyuma. Tsetse wa mitoni, kama Glossina fuscipes, nyayo zake ni nyeusi zote. Wa savana, vipande viwili vya mwisho tu ndivyo vyeusi. Tofauti hiyo ni ya maana, sababu huku Kongo ugonjwa unaenezwa zaidi na wale wa mitoni, pale watu wanapooga na kuvuka.

Piga picha mbili, kutoka juu na ubavuni, mahali penye mwanga. Weka njiti ya kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane. Usimponde inzi, shoka litapotea.

Lakini picha haionyeshi kama inzi amebeba ugonjwa, wala kama aliyeumwa ameambukizwa. Hayo ya mtu yanajulikana kwa kupima. Homa isiyoisha, kichwa kuuma, tezi kuvimba shingoni, kulala mchana na kukesha usiku: mtu asingojee, aende kituo cha afya. Ugonjwa huo usipotibiwa, mara nyingi unaua, na unaweza kukaa mwilini miezi ao miaka kabla ya kujionyesha vizuri.

Dawa iko. Tangu mwisho wa 2018 Kongo imekubali vidonge vya fexinidazole: siku 10, baada ya kula, na mgonjwa halipi dawa hiyo.