Kamera Ikihamia Sebuleni

Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi aliyeishi Queens, New York, na kwa sababu ya zamu zake na za mumewe mara nyingi alibaki nyumbani peke yake. Uhalifu ulikuwa mwingi, polisi hawakufika upesi. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya kamera ya mlangoni inayopeleka picha kwenye televisheni ya chumbani, wakaipata mwaka 1969. Mtu wa kuogopwa alikuwa nje.

Leo kamera imehamia sebuleni, na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki anayetazamwa ni dada wa kazi.

Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Novemba 2014 video kutoka Kampala ilisambaa hadi Nairobi na Dar es Salaam: yaya wa miaka 22 anampiga mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anamwangusha sakafuni, anamkanyaga. Baba, baada ya kuona michubuko mwilini mwa mwanawe, alikuwa ameficha kamera. Desemba yaya alihukumiwa miaka minne jela. Bila picha zile, mtoto ambaye hajajua kusema angejitetea vipi? Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku hastahili kulaumiwa kwa kutaka kujua mwanawe ameshindaje.

Lakini dada naye ni mtoto wa watu. Mara nyingi analala humo humo anamofanyia kazi, kwa hiyo kamera haimwachi hata kazi ikiisha. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu, na ya Kenya, ibara ya 31, vivyo hivyo. Basi aambiwe siku anayoanza kazi kwamba kamera ipo na iko wapi. Chumba anacholala na bafu visiwekwe kamera kabisa, hata kwa kisingizio cha wizi.

Tena si mwenye nyumba peke yake anayeweza kutazama. Mei 2023 kampuni ya kamera za nyumbani ya Ring, mali ya Amazon, ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba mfanyakazi wake alitazama maelfu ya video za wanawake wakiwa vyumbani na bafuni mwao. Na mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera zikiwemo, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.