Kalkulasi ya Chuo Kikuu: Je, Ni Zimwi Kweli?

Neno "kalkulasi" likitajwa, baadhi yetu hushikwa na baridi. Ati ndiyo huwatoa watu jasho chuo kikuu, na ati anayetaka uhandisi afadhali abadili nia mapema! Mimi nimelipekua daftari la binamu yangu aliye mwaka wa pili chuoni, naye akanieleza kwa subira. Naona wenzangu wanaliogopa zimwi wasilolijua.

Chukueni shamba lililopakana na mto. Pande tatu zimenyooka, wa nne umepinda kuufuata mto. Urefu mara upana hautafaa hapo. Basi utalikata vipande vyembamba, ukihesabu kila kimoja kana kwamba ni trapeza, halafu ujumlishe. Vipande vikizidi kuwa vyembamba, kosa nalo huzidi kupungua. Hiyo ndiyo integresheni, hakuna uchawi. Hata alama yake ni herufi S iliyorefushwa, ya neno la Kilatini summa, yaani jumla. Mjerumani Leibniz aliibuni mwaka wa 1675.

Tujaribu kwa namba. Chora y = x², kuanzia 0 hadi 3. Eneo lililo chini ya mchoro huo, ukilikata trapeza 3, ni 9.5. Ukikata 6, ni 9.125. Jibu kamili ni 9, na kalkulasi hulipata bila kukata chochote. Tafuta kitu ambacho mteremko wake ni x², nacho ni x³ ukigawa kwa 3. Tia 3 mahali pa x: 27 gawa kwa 3, basi. (Ukitia 0 unapata 0, kwa hivyo hakuna cha kutoa.) Kumbe kutafuta eneo na kutafuta mteremko hutenguana, kama kufunga fundo na kulifungua!

Hayo ni ya Kidato cha Nne. Matata ya chuoni ni kwamba kufunga fundo kuna kanuni, lakini kulifungua hakuna njia moja. Wakati mwingine unabadilisha herufi ili hesabu ipungue ukali. Wakati mwingine unaigawa sehemu mbili. Chukua x mara eˣ, ambapo e ni ile namba ya 2.718 na kuendelea. Ukiiacha x ndiyo ipungue, unapata x mara eˣ, utoe eˣ. Ukichagua kinyume, x inageuka x² na hesabu inakuwa mbaya kuliko ulivyoianza. Binamu husema nusu ya kazi ni kuitazama kabla ya kushika kalamu.

Sasa lililonishangaza zaidi. Kuna mchoro wenye umbo la kengele, e kwa kipeo cha –x², wa jamii ile ile inayotumiwa katika takwimu. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Liouville alithibitisha kwamba integrali yake haiandikiki kwa fomula zetu za kawaida. Si kwamba haijapatikana, haipo! Hata hivyo eneo la kengele nzima linajulikana barabara: ni kipeuo cha pili cha pai, kama 1.77. Ukitaka kipande chake tu, kompyuta hukata vipande vyembamba ikajumlisha, kama sisi na lile shamba.

Anayebisha na airudie x² kwa trapeza 12, aje mkutano wa chama aniambie amepata ngapi.