Jicho Kavu Litokalo Machozi

Wako watu wengi ambao asubuhi huamka na tongo katika kope, na ifikapo saa tano macho yao huwasha kana kwamba yametiwa mchanga; mara huona ukungu, mara machozi huwatiririka. Wakiambiwa ya kwamba macho yao ni makavu hucheka, wakisema, "Yatakuwaje makavu, nami nafuta machozi kutwa?" Jambo hili lafaa lielezwe, maana asiyejua asili ya ugonjwa hutafuta dawa pasipo mahali pake.

Machozi si maji matupu. Juu ya maji yale pana utando mwembamba wa mafuta, nao huyazuia yasikauke upesi kwa upepo na jua. Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogo zilizopangwa ndani ya kope, 25 hata 40 katika kope ya juu, na 20 hata 30 katika kope ya chini, na kila moja ina tundu lake ukingoni. Daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666, na hata leo huitwa kwa jina lake. Basi ukingo wa kope ukivimba na kufanya magamba kama mba, mafuta huganda na matundu huziba. Machozi hukauka kabla ya wakati wake, jicho huwaka, nalo kwa kujitetea hutoa maji mengi. Lakini maji yasiyo na mafuta hayakai. Ndiyo sababu jicho kavu hulia.

Kwa hiyo matibabu huanza kopeni. Asubuhi na jioni chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, ukikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa muda wa dakika 5 hata 10, ukikichovya tena kila kipoapo. Kisha sukuma kope polepole kwa kidole safi kuelekea ukingoni, ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu. Mwisho futa magamba kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila mtu awe na kitambaa chake.

Mchana nao una dawa zake. Mtu akikaza macho katika kitabu, daftari au simu husahau kupepesa. Basi mara kwa mara aache kazi, afumbe macho kabisa, ayafumbue, afanye hivyo mara kadhaa. Kitabu kiwekwe chini ya usawa wa macho, ili jicho lisifunuke sana. Aepuke moshi wa jikoni, na penye vumbi na upepo avae kofia na miwani. Asifikiche macho. Yako pia matone yafananayo na machozi. Ayatumiaye zaidi ya mara 4 kwa siku aulize yale yasiyotiwa dawa ya kuyahifadhi, kwani dawa hiyo yaweza kulichoma jicho.

Lakini twawaonya wasomaji: msitie machoni maji ya majani, maziwa wala mkojo, wala msinunue matone pasipo shauri la mganga wa hospitali. Yako matone yapunguzayo wekundu upesi, ambayo yakitumiwa siku nyingi huleta mtoto wa jicho, au huongeza nguvu ndani ya jicho hata mtu akapofuka.

Tena mwenye maumivu makali, au achukiaye mwanga, au aonaye kuona kwake kumepungua, asikawie nyumbani. Na kama nywele za kope zimegeuka ndani zikikwaruza jicho, huo ni ugonjwa mwingine, nao mara nyingi ni vikope. Hautibiwi kwa kitambaa cha moto, bali huhitaji upasuaji mdogo upesi.

Ugonjwa huu wa kope hauishi kwa siku moja, na aachaye kuutunza hurudiwa. Lakini kitambaa, maji ya moto na saburi havimshindi mtu yeyote, na jicho ni moja ya vitu visivyonunuliwa mara ya pili.