Roketi Inayoyumba na Kenchi ya Babu

Wazazi wenzangu wa ughaibuni, tukiwaona watoto wamekodolea macho kompyuta, neno la kwanza linalotutoka ni "zima hiyo!" Leo naomba kulitetea gemu moja tu: Kerbal Space Program. Lilitengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico City, likatolewa kwa umma Juni 2011, na toleo kamili likafika Aprili 2015. Mchezaji anaunda chombo cha anga kipande kwa kipande, kisha anakirusha aone kama kitapaa au kitasambaratika.

Binti yangu ana miaka 14. Hapa Uingereza umri huo ndio wa kuchagua masomo: asome fizikia kama somo linalojitegemea, au sayansi ya mseto. Alikuwa ameshasema fizikia si yake. Nikaanza kukaa naye anapocheza.

Viungo vinavyopinda

Chombo cha gemu hili kimepangwa kama mti. Kila kipande unachoongeza kinashikwa na kimoja tu kilichotangulia, kama tawi na shina lake. Na viungo si vigumu kama chuma kilichochomelewa, vinapinda kidogo. Ukipanga matangi membamba kumi, moja juu ya jingine, roketi nzima inayumba kama mnazi wakati wa kusi. Mfumo wa kuiongoza unajaribu kusahihisha kila myumbo, wakati mwingine unauzidisha, mpaka roketi inakatika katikati.

Roketi za pembeni zina tabu zaidi. Kila moja imeshikwa sehemu moja tu, kwa hiyo kichwa chake kinachezacheza. Dawa yake ni mihimili ya kuifunga kwenye tangi la kati, juu na chini. Hapo nikamkumbuka babu yake, seremala wa Tanga, nikamchorea binti yangu kenchi ya paa. Mbao nne zilizogongwa mraba ukizisukuma zinalala. Ongeza ubao mmoja wa mshazari, unapata pembetatu mbili, na hazilali tena.

"Kumbe babu alijua fizikia!" akasema.

Wahandisi wa kweli walifanya vivyo hivyo. Kwenye Space Shuttle, kila roketi ya pembeni ilishikwa na tangi kubwa kwa kiungo kimoja mbele na mihimili mitatu nyuma.

Lakini mihimili haiponyi umbo baya, na kila mmoja una uzito na bei yake. Toleo 1.2 la mwaka 2016 lilileta mihimili isiyoonekana inayojifunga yenyewe. Hata hivyo, mara nyingi ni afadhali kuacha matangi kumi membamba na kutumia machache mapana. Vipenyo vipo vya mita 1.25, 2.5 na 3.75.

Uzito uko wapi?

Gemu linaonyesha kitovu cha uzito na kitovu cha nguvu za hewa. Roketi ni kama mshale: kichwa kizito, manyoya nyuma. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma ya kile cha hewa, roketi inageuka kichwa chini. Na mafuta yakipungua, kitovu kinahama, kwa hiyo roketi iliyonyooka wakati wa kuruka inaweza kupinduka baadaye.

Kwa familia zitakazojaribu

Nunueni gemu la kwanza. La pili, la Februari 2023, lilitolewa likiwa halijakamilika. Wekeni muda wa kucheza. Roketi ikivunjika, mwulize mtoto kwanza: "Imekatikia wapi, na kwa nini?" kabla hajarusha nyingine. Na ongeeni Kiswahili: kani, msukumo, kiungo, mhimili, kitovu. Shuleni atayasikia mambo haya kwa Kiingereza. Kwetu alikuwa hajawahi kuyasikia kabisa.

Fomu ya masomo inarudishwa mwezi ujao. Bado hajaamua, nami simsukumi. Ila juzi alinipigia simu nikiwa kazini: "Mama, ubao wa mshazari unavutwa au unasukumwa?" Nikamwambia inategemea paa linaelemewa upande gani, akate kenchi ya karatasi ngumu aone mwenyewe.