Miguu Yenye Ganzi

Maumivu ni mlinzi ambaye Mungu alimweka mwilini. Ndugu, kama ukoma umeharibu mishipa yako ya fahamu, mlinzi huyo amelala. Dawa huua vidudu vya ugonjwa, lakini mshipa uliokwisha kufa haiuamshi. Basi macho yako yafanye kazi yake: kila jioni tazama nyayo, hata kati ya vidole. Kama huoni vizuri, mwite mtoto akutazamie.

Kisha loweka miguu katika maji baridi kwa nusu saa. Maji ya moto hapana! Sugua ngozi ngumu polepole kwa jiwe, na miguu ingali na unyevu, ipake mafuta. Mawese ya jikoni yanafaa, ingawa yatachafua mkeka.

Je, mguu wako unaning'inia? Keti, nyosha goti, pitisha kitambaa chini ya vidole, ukivute kwako, uhesabu hata 30. Rudia mara 10. Zoezi hili halirudishi fahamu. Linazuia kano ya kisigino isikazike.

Tembea na viatu, kwa hatua fupi. Ukiona kidonda au mahali penye joto, pumzisha mguu huo. Na kama ganzi au ulegevu ni mpya, haujatimiza miezi 6, dawa nyingine yaweza kuuponya mshipa. Njoo hospitali kesho. Usingoje siku ya soko.