Jina la polo, kiatu cha kutembelea

Viko viatu vya ngozi vifikavyo kwenye kifundo cha mguu, vyenye matundu mawili au matatu ya kamba kila upande. Madukani huitwa chukka. Jina hilo lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye polo, mchezo ambao Waingereza waliujifunza India. Klabu ya Calcutta, iliyoanzishwa mwaka wa 1862, ingali hai. Timu mbili za wapanda farasi wanne wanne huupiga mpira kwa magongo marefu. Kila kipindi, dakika saba hivi, huitwa chukka, kutokana na neno la Kihindi lenye maana ya mzunguko. Kipindi kikiisha farasi hubadilishwa, kwani mbio hizo humchosha.

Lakini jina lisikudanganye, msomaji. Uwanjani mchezaji huvaa buti ndefu zifikazo magotini, na kinga za magoti juu yake, kwa kuwa gongo au mpira waweza kumvunja mguu.

Basi ukienda Jamhuri, Nairobi, kutazama polo, chukka zakutosha, hata safari buti zinazofanana nazo. Mwanao akitaka kucheza, mtafutie buti ndefu kwanza.